Bill Finger: Aliyemvika Batman Joho

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Maisha ya Bill Finger yanautia msemo huo majaribuni, kwa kuwa yeye alichumia juani kwa takriban miaka ishirini na mitano, ilhali aliyekula kivulini akawa mtu mwingine. Finger ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza ya Batman, yule shujaa wa vitabu vya katuni vya Marekani anayevaa kama popo na kuwawinda wahalifu usiku. Ndiye pia aliyeamua, kwa kiasi kikubwa, shujaa huyo avae nini, aitwe nani mchana na aishi katika mji upi. Hata hivyo, alipofariki mwaka wa 1974, kampuni iliyommiliki Batman ilikuwa haijamtambua rasmi kuwa mmoja wa waasisi wake.

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza katuni za Marekani zimefuata nini katika kurasa za wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba suala la nani hasa mtunzi ni letu pia. Ni mara ngapi tumebishana darasani iwapo tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ni zake kweli? Na ni wangapi miongoni mwetu waliomfahamu Juha Kalulu katika Taifa Leo kabla hawajamsoma Shaaban Robert? Isitoshe, kisa cha Finger kina jambo ambalo wahakiki hupenda kulipuuza. Waliolifukua jina lake hawakuwa wahakiki mashuhuri wala mawakili. Walikuwa wasomaji wa kawaida waliokuwa wakijadiliana kuhusu sura mpya ya shujaa wao.

Milton Finger alizaliwa tarehe 8 Februari 1914 mjini Denver, katika jimbo la Colorado, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo aliyehamia Marekani kutoka Ulaya. Baadaye familia ilihamia Bronx, New York, na huko ndiko kijana huyo alikohitimu masomo ya sekondari katika shule ya DeWitt Clinton mwaka wa 1933. Wazazi walitamani awe daktari. Nyakati hazikuruhusu. Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu mwaka wa 1929, na vijana wengi wenye vyeti walikuwa wakizurura mitaani wakitafuta kibarua. Finger akaangukia kazi ya kuuza viatu. Jina la Milton aliliweka kando, akajulikana kwa jina la Bill. Nje ya saa za kazi alikuwa msomaji mwenye njaa: hadithi za upelelezi, magazeti ya visa vya kusisimua yaliyouzwa kwa bei nafuu, historia, na filamu zote alizoweza kumudu kiingilio chake.

Mwaka wa 1938, katika karamu moja, alikutana na Bob Kane, mchoraji kijana aliyesoma katika shule iyo hiyo ya DeWitt Clinton. Kane alikuwa na soko la michoro lakini alihitaji mtu wa kumtungia visa. Finger alikuwa na visa lakini hakuwa na soko. Wakakubaliana kwamba Finger aandike, Kane achore, na jina litakalochapishwa liwe la Kane. Kwa kijana aliyekuwa akiuza viatu, hilo halikuwa jambo la kulalamikia. Katika tasnia hiyo changa waandishi wengi walifanya kazi bila kutajwa, na vitabu vyenyewe vilihesabiwa kuwa takataka za watoto. Nani angejua kwamba takataka hizo zingekuja kuwa na thamani ya mamilioni?

Katika mwezi wa Juni 1938 kampuni ambayo baadaye ilikuja kuitwa DC ilikuwa imemtoa Superman, na mauzo yakapaa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1939 mhariri Vin Sullivan alitaka mashujaa wengine wa aina hiyo. Kane alijifungia siku za mwisho wa juma, akatoka na mchoro wa mtu aliyemwita Bat-Man, kisha akamwita Finger autazame.

Mchoro huo, kwa maelezo ya Finger, na ambayo Kane mwenyewe aliyakubali uzeeni, ulifanana mno na Superman. Mtu yule alivaa nguo nyekundu za kubana mwili. Machoni alikuwa na kitambaa kidogo cha kuficha uso, kama cha wanyang'anyi wa hadithi. Mabegani alikuwa na mabawa mawili magumu yaliyosimama kama ya chombo cha kurukia, ambayo Kane aliyachukua kutoka katika michoro ya zamani ya Leonardo da Vinci. Hakuwa na glavu. Kwa ufupi, alikuwa mtu mwenye mabawa na hakuwa na upopo wowote.

Finger aliteremsha kamusi kutoka rafuni, akafungua palipokuwa na picha ya popo, akamwonyesha Kane masikio. Akapendekeza kitambaa kile kiondolewe na mahali pake pawe na kifuniko cha kichwa na uso chenye masikio mawili yaliyochongoka. Akapendekeza macho yaachwe meupe, bila mboni, ili yatishe. Mabawa magumu yageuzwe kuwa joho pana lenye pindo zilizokatwa kama bawa la popo, litakalotanuka nyuma ya shujaa anapokimbia. Mikono ivae glavu ili asiache alama za vidole. Nyekundu iondoke kabisa, nguo ziwe za kijivu na joho liwe jeusi. Twaweza kusema kwamba Batman alibuniwa upya kabla hajachapishwa. Kila mjadala uliofuata kuhusu Batman gani ni wa kweli, kwa kujua au kutojua, umekuwa mjadala kuhusu mapendekezo hayo.

Hadithi ya kwanza ilitoka katika toleo la 27 la Detective Comics, la Mei 1939. Ilikuwa na kurasa sita, na mwandishi wake alikuwa Finger. Si haki kumtukuza kupita kiasi, kwani kisa chenyewe hakikuwa kipya. Finger hakuficha kwamba alikijenga juu ya hadithi ya The Shadow, mpelelezi wa giza aliyependwa sana miaka hiyo, na wachunguzi wamekwisha kuonyesha kwamba kinafuata kwa karibu kisa kiitwacho Partners of Peril cha mwaka wa 1936. Wahadhiri wetu wangetumia neno mwingilianomatini, na wengine wangetumia neno kali zaidi. Lakini Finger hakukaa hapo. Katika toleo la 33, la Novemba mwaka uo huo, kurasa mbili zilieleza asili ya Batman: mtoto anayewaona wazazi wake wakipigwa risasi mtaani, akaapa kuutumia umri wake wote kupambana na uhalifu. Kurasa hizo mbili ndizo zilizompa shujaa huyo sababu ya kuwako. Mavazi yamebadilishwa mara nyingi tangu hapo. Kisa hicho hakuna aliyethubutu kukiondoa kwa muda mrefu.

Majina nayo ni kazi yake. Bruce Wayne aliliunganisha kutoka kwa Robert the Bruce, mfalme wa Uskoti, na Anthony Wayne, jenerali wa vita vya uhuru vya Marekani, kwa sababu alitaka jina la mtu wa tabaka la mamwinyi. Kuhusu mji, alikusudia usiwe New York moja kwa moja ili msomaji wa mji wowote aweze kuuona kuwa wake. Akapekua kitabu cha simu, akakutana na duka la sonara lililoitwa Gotham, na hapo ukazaliwa mji wa Gotham. Alishiriki kumbuni Robin, na pia maadui kama Joker, Catwoman, Penguin na Riddler, akishirikiana na wachoraji mbalimbali, miongoni mwao Jerry Robinson, aliyeanza kumsaidia Kane akiwa na umri wa miaka kumi na saba tu. Mwaka wa 1940, pamoja na mchoraji Martin Nodell, Finger alimwanzisha pia Green Lantern.

Waliofanya kazi naye walimkumbuka kwa madaftari. Kila alichokisoma au kukiona kilichoweza kuzaa kisa alikiandika humo: jinsi mtambo fulani unavyofanya kazi, desturi za taaluma fulani, habari za ajabu kutoka magazetini. Mara nyingi hati yake ilimfikia mchoraji ikiwa imeambatana na picha alizozikata ili mchoraji asikosee. Alipenda vitu vikubwa kupita kiasi, hivi kwamba Batman na maadui zake walipigana juu ya taipureta zenye ukubwa wa nyumba. Dainosari wa bandia na sarafu kubwa mno ya senti, ambavyo hadi leo huchorwa katika pango la Batman, vilitoka katika visa alivyoviandika Finger mwaka wa 1946 na 1947.

Hata hivyo alikuwa na udhaifu uliomgharimu. Aliandika polepole. Alirudia sentensi, akachelewa, wahariri wakakasirika, naye akaomba malipo kabla ya kazi kukamilika. Mtu anayelipwa kwa ukurasa hawezi kumudu kuwa mpole wa kalamu, na Finger aliishi na madeni muda wote. Mtu anayedaiwa hana kifua cha kudai. Nadhani hapo ndipo penye jibu la swali ambalo wengi huuliza, kwamba kwa nini hakusema mapema.

Kane, kwa upande wake, alikuwa hodari katika jambo ambalo Finger hakuliweza. Alipoipeleka kazi kwa Sullivan mwaka wa 1939, alikwenda peke yake wala hakumtaja mwenzake. Mkataba alioupata ulihakikisha kwamba jina lake lingeandikwa kwenye kila kisa cha Batman, na lake pekee. Kilichofuata ni kichekesho kichungu. Kuanzia miaka ya 1950 michoro mingi iliyokuwa na sahihi ya Kane ilichorwa na watu wengine aliowalipa kwa siri, hasa Sheldon Moldoff. Ikatokea basi kwamba msomaji alishika kitabu kilichoandikwa na Finger, kikachorwa na Moldoff, na jina la pekee lililoonekana likawa la mtu wa tatu.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Batman alikuwa mgonjwa. Visa vyake vilikuwa vimejaa viumbe wa sayari nyingine, mbwa mwenye barakoa, na kijitu cha uchawi kiitwacho Bat-Mite. Ni lazima tuseme ukweli kwamba Bat-Mite aliandikwa na Finger mwenyewe mwaka wa 1959. Alikuwa akitimiza matakwa ya soko na ya wahariri, kama ilivyokuwa desturi. Mauzo yalishuka, na kampuni ikamkabidhi Batman kwa Julius Schwartz, mhariri ambaye tayari alikuwa amewaumba upya Flash na Green Lantern kwa mafanikio makubwa.

Mabadiliko yalitangazwa kwa jina la Sura Mpya, na yalianza katika toleo la 327 la Detective Comics, la Mei 1964. Mchoraji Carmine Infantino alimpunguza Batman unene, akampa mwili wa mwanariadha. Alama ya popo kifuani, ambayo tangu mwanzo ilikaa juu ya kijivu kitupu, ilizungushiwa umbo la yai la rangi ya manjano. Viumbe wa sayari, mbwa na Bat-Mite walifagiliwa mbali, na visa vikarudi kwenye upelelezi. Mwezi uliofuata Schwartz alifanya jambo zito zaidi. Alimuua Alfred, mtumishi mwaminifu wa Bruce Wayne, na nyumba ikaingiwa na shangazi aitwaye Harriet.

Wasomaji walipokeaje? Hapa tukumbuke kwamba Schwartz alikuwa na mazoea ya kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Yeye mwenyewe alikuwa amekulia miongoni mwa mashabiki wa hadithi za kisayansi na alijua thamani ya jambo hilo. Kwa anwani hizo wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao, na baada ya kuandikiana wakaanzisha majarida yao, yakidurufiwa na kutumwa kwa posta. Mwezi wa Julai 1964, miezi michache tu baada ya Sura Mpya, shabiki mmoja wa Missouri, Biljo White, alianzisha jarida lililohusu Batman tupu, akaliita Batmania. Humo na katika majarida mengine ya aina hiyo mambo yalipimwa kwa makini ambayo baadhi yetu tungeyaonea wivu tunapoandika tasnifu. Je, duara lile la manjano ni pambo au ni kosa? Je, mpelelezi wa usiku anaweza kuvaa kitu king'aacho kifuani? Kifo cha Alfred ni ujasiri au ni uharibifu? Sura hii ni mpya, au ni kurudi kwenye Batman wa mwanzo?

Swali hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango. Huwezi kubishana kuhusu kurudi mwanzo bila kuuliza mwanzo wenyewe ulikuwaje, na nani aliuanzisha. Mashabiki walirudi kwenye matoleo ya 1939 na 1940, wakaorodhesha, wakalinganisha mitindo, wakatambua kwamba mikono iliyofanya kazi ilikuwa mingi kuliko jina lililoandikwa. Februari 1965 Schwartz mwenyewe, katika ukurasa wa barua wa toleo la 169 la Batman, alimtaja Bill Finger kuwa muumbaji wa Riddler. Lilikuwa tamko dogo, katika herufi ndogo, lakini lilitoka kwa mhariri.

Miongoni mwa mashabiki hao alikuwamo Jerry Bails, mhadhiri wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit. (Chuo hicho, kupitia kaunti kilimo, kinatokana na jenerali yule yule aliyempa Bruce Wayne jina lake la pili.) Katika kiangazi cha mwaka wa 1965 mashabiki walifanya kongamano New York na wakamwalika Finger. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, na tayari alikwisha kupatwa na mshtuko wa moyo mara moja. Kwa mara ya kwanza alikaa mbele ya watu waliojua kazi yake na waliotaka kumsikiliza. Bails alizungumza naye kwa kirefu, na mwezi wa Septemba akasambaza makala ya kurasa chache yaliyoeleza yale ambayo Finger alifanya: hadithi ya kwanza, mavazi, majina, maadui.

Kane alichukizwa. Mwezi uo huo aliwaandikia Batmania barua ndefu iliyochapishwa mwaka wa 1967. Humo alikana kwamba Finger alikuwa mwasisi, akasisitiza kwamba Batman alibuniwa naye peke yake, na akadai kwamba kumbukumbu za Finger zilikuwa zimepotoka kwa kupita miaka. Hata mchoro aliusema kuwa wake, katika miaka ambayo Moldoff ndiye aliyekuwa akichora. Barua hiyo inastahili kusomwa na kila mwanafunzi anayeamini kwamba neno la mtunzi kuhusu kazi yake halina budi kuaminiwa.

Finger hakujibu kwa vita. Mwaka wa 1966 Batman aliingia katika televisheni na Marekani nzima ikapata wazimu wake. Alfred alifufuliwa kwenye vitabu kwa sababu televisheni ilimhitaji, nalo jambo hilo likawa ushahidi kwamba katika biashara hiyo hata kifo hurekebishwa mauzo yakitaka. Finger na rafikiye Charles Sinclair waliuza kwa kipindi hicho kisa kimoja cha sehemu mbili, kilichoonyeshwa mwezi wa Oktoba 1966, na jina lake likaonekana kwenye skrini pamoja na Batman. Alishiriki pia kuandika filamu ya The Green Slime ya mwaka wa 1968. Zaidi ya hapo kazi zilikuwa haba. Kama waandishi wenzake waliolipwa kwa ukurasa, hakuwa na malipo ya uzeeni wala sehemu yoyote ya faida ya wanasesere, filamu na mavazi ya watoto yaliyobeba sura aliyoipendekeza.

Moyo ulimsumbua tena mwaka wa 1970, na tena mwaka wa 1973. Tarehe 18 Januari 1974 Sinclair alimkuta amekufa katika nyumba yake huko Manhattan. Zilikuwa zimebaki wiki tatu atimize miaka sitini. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba alizikwa katika kaburi la maskini lisilo na jina, na maneno hayo yalirudiwa hata na waliompenda. Sivyo ilivyokuwa. Mwili ulichomwa, na mwanawe wa pekee akayapeleka majivu hadi ufuoni mwa bahari katika jimbo la Oregon, akayamwaga mchangani kwa umbo la popo, maji yakaja yakayachukua.

Wakati huo Batman alikuwa ameumbwa upya kwa mara nyingine. Kuanzia mwaka wa 1970 mwandishi Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams, chini ya Schwartz yule yule, walimrudisha usikuni, wakarefusha masikio na joho, wakamfanya tena mtu wa kutisha. Mashabiki walifurahi na wakasema kwamba huyu ndiye Batman halisi. Mimi naona kwamba walichokipenda ni Batman wa Finger wa mwaka wa 1939, ingawa alama ya manjano ya 1964 ilibaki kifuani, na ilidumu katika vitabu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka wa 1989, katika kitabu cha kumbukumbu zake, Kane alikiri. Alieleza mchango wa Finger kwenye mavazi na visa, akajuta kwamba hakumpa nafasi yake alipokuwa hai. Ungamo hilo lilikuja miaka kumi na mitano baada ya mazishi, na halikubadilisha mkataba. Kane alifariki mwaka wa 1998. Mwaka wa 2005 tamasha la katuni la San Diego, kwa juhudi za Jerry Robinson, lilianzisha tuzo ya waandishi wa katuni yenye jina la Finger, inayotolewa kwa waandishi ambao hawakupata heshima waliyostahili.

Kazi iliyobaki ilifanywa tena na shabiki. Marc Tyler Nobleman, mwandishi wa vitabu vya watoto, alitumia miaka kadhaa kutafuta vyeti, picha na jamaa wa Finger. Mwanawe alikuwa amefariki mwaka wa 1992, na ilidhaniwa kwamba ukoo umekatika. Nobleman aligundua kwamba yupo mjukuu. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 2012, na mjukuu huyo akasimama kulidai jina la babu yake. Mwezi wa Septemba 2015 kampuni ya DC ilitangaza kwamba Finger atatajwa. Filamu ya kwanza ya sinema kufanya hivyo ilikuwa ile iliyowakutanisha Batman na Superman mwaka wa 2016.

Maneno yaliyochaguliwa yanasema kwamba Batman aliasisiwa na Bob Kane pamoja na Bill Finger. Mashabiki hawakuliacha hilo lipite. Kwa nini "pamoja na", wakati kiunganishi "na" kingetosha? Wanaojua sarufi wataona mara moja kwamba neno hilo limewekwa kwa makusudi, na kwamba linamweka mmoja ndani ya nyumba na mwingine barazani. Kwa maoni yangu lawama hiyo ni ya haki, ijapokuwa kwa familia iliyongoja miaka sabini na sita hata baraza ilikuwa kitu.

Huko Bronx kuna bustani iitwayo Poe Park, ambako Finger na Kane walikuwa wakiketi kupanga visa vya mwanzo. Mwezi wa Desemba 2017 kona iliyo kando yake, pale East 192nd Street inapokutana na Grand Concourse, ilipewa jina la Bill Finger Way. Kwenye kibao hicho limeandikwa jina lake peke yake.